Kiingereza cha Kushushia Kochi

Watu wa mtaa walimwita Kamusi, naye hakulikataa jina hilo. Alikuwa fundi wa makochi tangu ujana, mtu wa nyundo, sponji na kitambaa cha kuvutwa mpaka kinyooke. Lakini kwenye rafu ya karakana yake, kati ya kopo la misumari na debe la gundi, palikuwa na kamusi nene iliyochakaa pembe, na kila asubuhi ilipanguswa vumbi kabla ya cherehani. Alijisomesha mwenyewe kwa masomo ya jioni: kwanza hesabu, kisha uandishi wa barua, kisha historia. Kiingereza alikiweka kiporo miaka mingi, akisema atakifikia.

Kilichomrudisha darasani na mvi zake ni simu.

Binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo, alikokwenda kusomea uuguzi. Harusi ilifungwa haraka, mbele ya karani, na wazazi wakaiona kwenye picha. Baadaye ikapangwa simu ya kufahamiana. Mkwe hakujua Kiswahili, basi akaitwa mdogo wake Kamusi aje kutafsiri, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi ya mapokezi hotelini. Mdogo huyo ndiye aliyekuwa mwenzake wa karakanani, na mtaani walimwita Redio, kwa sababu ukishamwasha hujui pa kumzimia.

Kamusi alikuwa amefikiri siku nzima atasema nini. Alipopewa simu akasema jambo moja tu. "Mwambie binti yangu ni mmoja. Namwomba akae naye kwa upole."

Redio akaipokea sentensi hiyo, akaitafuna, akaitoa ikiwa ndefu kama futi ya fundi. Alirusha mikono, akajipiga kifua, akashusha sauti, akaipandisha. Upande wa pili mkwe akacheka.

"Anacheka nini?" Kamusi aliuliza.

"Amefurahi, kaka."

"Mimi namwomba akae na mwanangu kwa upole, yeye anafurahi nini?"

"Nimeipamba kidogo tu. Ungemwambia kavukavu vile, angedhani unamtisha."

Simu ilipokatika Kamusi alibaki ameishika mkononi. Hakumkasirikia mdogo wake. Kumkasirikia Redio ni kuukasirikia upepo. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa na neno moja la kumwambia mume wa mwanawe, moja tu, na neno hilo limefika huko likiwa limevaa nguo za mtu mwingine.

"Watakuja likizo," mkewe alimtuliza. "Utamwambia tena."

"Nitamwambia mwenyewe. Uso kwa uso, bila mtu katikati."

Wiki ile ile akajiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima.

Darasa lilikuwa katika shule ya msingi ya jirani, watoto wakishatoka. Madawati yalikuwa ya watoto hao hao, hivyo wanafunzi walikaa magoti yamewapanda kifuani: mpishi wa kantini, mlinzi, mama wa duka la vitambaa, na Kamusi mstari wa mbele, amechomekea shati. Mwalimu alikuwa msichana wa umri wa kuwa mwanawe. Alimwita baba, na alimsahihisha bila huruma.

Neno la kwanza ambalo Kamusi alimwomba ni la kusema "kwa upole". Mwalimu akaandika ubaoni: *gently*. Kamusi akalitamka, akalirudia njiani, akalipeleka nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Jioni nyingine mwalimu akawafundisha mpangilio. Kitenzi, alisema, kinaeleza kilichofanyika. Kielezi kinaeleza kimefanyika vipi, au lini, au mara ngapi. Na katika Kiingereza kila kimoja kina kiti chake. Akamtaka Kamusi aseme mtu alifungua mlango taratibu.

Kamusi akasimama. "*He opened slowly the door.*"

"Umemkalisha mgeni katikati ya mume na mke, baba. Kufungua na mlango havitenganishwi. *Slowly* asogee nyuma, akae baada ya mlango."

"Na *always*? Jana ulimweka mbele."

"Huyo wa kila mara, na mwenzake wa kamwe, wanakaa mbele ya kitenzi."

"Kwa nini hawa mbele, na wale nyuma?"

"Ndivyo walivyozoea wenyewe."

Kamusi akakaa, lakini hakuridhika. Katika kazi yake hakuna msumari uliopigwa mahali kwa sababu ndivyo walivyozoea.

Ufahamu ulimjia akiwa kazini. Karakana ile ilikuwa na desturi yake ya kubeba, iliyoanzishwa na ndugu hao wawili baada ya kuvunja kioo cha mteja mmoja mkali. Kochi likishushwa ngazi, mmoja anatangulia chini akirudi kinyumenyume, na uzito wote unamlalia yeye. Huyo haoni njia. Mwingine yuko juu, anatazama mbele. Basi walikubaliana hivi: wa juu, anayeona, anasema la kufanya, inua, geuza, tua. Wa chini, mwenye mzigo, anasema lifanywe vipi. Taratibu, haraka, kwa upole. Hakuna anayeingilia kazi ya mwenzake. Tangu siku hiyo hawakuvunja hata kikombe.

Asubuhi moja walikuwa katikati ya ngazi za mteja, Kamusi juu, Redio chini, Kamusi akasimama ghafla.

"Geuza," alisema, kisha akanyamaza.

"Taratibu," Redio akajibu kama kawaida. Akangoja. "Kaka, nimesema taratibu, sikusema tulale hapa."

"Redio, unajua wewe ni kielezi?"

"Mimi ni mgonjwa wa mgongo. Tushuke kwanza, matusi baadaye."

Jioni Kamusi akamweleza mwalimu habari hiyo. Mwalimu akacheka, akawainua mlinzi na mpishi, akawabebesha dawati, mmoja aseme kitenzi na mwingine kielezi, mpaka darasa zima likawa linabeba madawati kutoka ukuta huu kwenda ule. Kamusi akauliza hao *always* na *never* basi wako wapi, maana katika ngazi hawaonekani.

"Hao wametangulia kufungua mlango," mwalimu alisema, na Kamusi akakiri kwamba hapo amejibiwa.

Tangu hapo Kiingereza kikamnogea. Hasa vielezi, alivipenda kama mtu anavyopenda vifungo vya shaba. Nyumbani, juu ya karakana, alifanya mazoezi na mkewe, ambaye hakujiandikisha popote ila masikio yake yalikuwa wazi.

"*My wife sings beautifully*," Kamusi alitangaza siku moja. Mke wangu anaimba vizuri sana.

"Mimi? Lini?"

"Asubuhi, ukifagia. Unadhani nimelala."

Mkewe akageukia dirishani akijifanya anakunja pazia. Ilikuwa miaka mingi wamekaa pamoja, na kwa lugha yao wenyewe Kamusi hakuwahi kumwambia kwamba anausikia wimbo huo. "Na wewe?" aliuliza. "Kwa Kiingereza, wewe unafanyaje?"

"*I eat*," Kamusi alianza.

"*Quickly*," mkewe akamalizia. "Wala hutafuni."

Ubaya wa mapenzi hayo ya vielezi ulijitokeza kwenye hotuba. Kamusi aliona hawezi kumpokea mkwe kwa sentensi moja tu, kama mtu anayeuliza bei. Akaanza kutunga. Akafungua kamusi, akachagua maneno marefu, yenye mkia ule wa *-ly*, akayapanga moja baada ya jingine: kwa moyo mkunjufu, kwa dhati, kwa furaha isiyo kifani. Neno lake lenyewe, lile la kuomba binti atendewe kwa upole, akaliweka mwisho, kama kitasa.

Mkewe alisikiliza mazoezi akiwa na uzi mdomoni. "Hotuba yako ina vielezi kuliko vitenzi. Neno lenyewe liko wapi?"

"Liko mwisho."

"Liweke mwanzo, asije akasinzia."

"Mama, neno la mzazi haliendi uchi."

"Haya. Lakini umelivalisha makoti matatu, na kule nje jua linawaka."

Wageni wakafika mchana, siku ya mapumziko. Mkwe alikuwa mrefu kupita picha zake. Aliinama mlangoni, na hata baada ya kuingia akabaki ameinama kidogo, kama haiamini dari. Alisema "Shikamoo baba, shikamoo mama," kwa kituo baada ya kila neno, na mama mkwe akampenda hapo hapo. Binti akaning'inia shingoni kwa baba yake kama zamani. Redio alikuwa amevaa tai.

Walipokwisha kukaa, Kamusi akasimama, akakohoa, akaanza.

Alisema vizuri. Kila kitenzi kilikuwa na kielezi chake, kila kielezi kilikaa kitini pake, na mwalimu wake angekuwapo angepiga makofi. Mkwe alimtazama machoni, akaitikia kwa kichwa, akatabasamu. Kamusi akafika mahali pa heshima, pale alipowataja wazee wa familia waliotangulia, ambao wangependa kuiona siku hii. Hapo mkwe akacheka.

Kilikuwa kicheko kile kile cha kwenye simu.

Kamusi akakatisha hotuba. Masikio yalimwaka moto. Aliiona sentensi yake ya mwisho iko mbele yake, karibu kabisa, na hakuweza kuifikia.

"Baba," binti alisema haraka, "baba, usimkasirikie. Akicheka hivyo ujue hajaelewa. Anaona haya kusema."

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote. Kiingereza si lugha yake. Kwao wana yao. Yeye Kiingereza amekisomea jioni, akitoka kazini, na ameanza juzi tu. Mimi naye tunaongea lugha ya kwao."

Katika nyumba ile, tangu harusi, hakuna aliyewahi kuuliza mkwe anaongea lugha gani. Katoka ng'ambo, basi ni Kiingereza; hata mkewe Kamusi, aliyeuliza kila kitu, mpaka namba ya kiatu chake, hilo hakuliuliza.

"Na kwenye simu?" Kamusi aliuliza.

"Kwenye simu ba'mdogo alikuwa anamwagika kama bomba lililopasuka. Hata mimi sikuambulia kitu, isipokuwa kwamba kifungua kinywa kipo mpaka saa nne."

Wote wakamtazama Redio. Redio alikuwa anakagua tai yake. "Nilikuwa naweka mazingira," alisema.

Mkewe Kamusi ndiye aliyeanza kucheka, kisha binti, kisha mkwe naye, ambaye hakuelewa ila alifurahi kupata wenzake. Kamusi alicheka pia, nusu. Alikaa chini akiwa na neno lake bado mfukoni. Binti angeweza kutafsiri, bila shaka, lakini utampaje mtoto kazi ya kujiombea upole yeye mwenyewe, kwa mumewe, mbele ya watu? Neno hilo halikuweza kupita kwake.

Baada ya kula likazuka jambo la malazi. Wageni waliandaliwa chumba cha chini, kilicho pembeni ya karakana, chenye kitanda alichokitumia binti alipokuwa msichana. Mkwe alipojaribu kujinyoosha, miguu ikatoka nje mpaka karibu na magoti. Mkewe Kamusi akasema hakuna mgeni wake atakayelala amejikunja kama mkasi. Lile kochi kubwa la sebuleni, linalofunguka kuwa kitanda, lishushwe chini sasa hivi.

Redio akashika kiuno. "Mgongo huu, shemeji, sijui umeingiwa na nini. Umeanza dakika hii."

Mkwe alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Akaenda akasimama upande wa ngazi, upande wa kurudi kinyumenyume, uzito umlalie yeye. Hakuelekezwa na mtu. Kamusi akatikisa kichwa na kumwashiria aje juu, maana upande ule ni wa mtu mzoefu. Mkwe naye akatikisa kichwa, akagusa nywele zake nyeusi, akanyoosha kidole kwenye mvi za Kamusi, akatabasamu. Kamusi akabaki juu.

Ilibaki kumweleza desturi. Kamusi akatafuta Kiingereza kisicho na koti hata moja. "*I say what*," alisema, akijionyesha. "*You say how.*" Mimi nasema nini, wewe unasema vipi.

Mkwe akakunja uso. Kisha ukamfunguka. Akamwelekezea Kamusi kidole: "*Verb.*" Akajielekezea mwenyewe: "*Adverb.*" Kitenzi na kielezi. Alivitamka vibaya, kama mtu aliyevisoma ubaoni kutoka dawati la mbele, na Kamusi akamwona amekaa huko kwao jioni, magoti kifuani, ametoka kazini na njaa yake.

"*Yes*," alisema Kamusi. "*Lift.*"

"*Slowly*," akajibu mkwe.

Wakainua. Binti alitangulia kushuka akashike mlango wa chini. Kochi lilikuwa la mbao ngumu, Kamusi mwenyewe ndiye aliyelitengeneza enzi za mabavu yake, na sasa alijilaumu kwa ubora huo. "*Go*," alisema juu. "*Slowly*," ikaja sauti ya chini. "*Stop.*" Wakasimama. "*Turn.*" "*Carefully*," alisema mkwe, kwa uangalifu, na kochi likaanza kuzunguka kona ya ngazi.

Hapo mguu mmoja wa kochi ukang'ang'ania ukuta. Kamusi aliujua ukuta huo, na dawa yake aliijua: bega moja la nguvu. Akalikaza bega. "*Push*," alisema. Sukuma.

"*No, no*," mkwe alisema kutoka chini, jasho linamtiririka hadi kwenye kope. "*Gently.*"

Kamusi akalegeza bega.

Mkwe akaliegemeza kochi kwenye paja lake, akaweka kiganja chake kati ya mguu wa kochi na ukuta, upande wa mfupa ukisagwa na lipu, ili rangi isikwaruzwe. Akalitikisa kidogo, akalisikiliza, akalitikisa tena. Mguu ukatoka bila alama. Akamtazama baba mkwe, akadhani amechoka. "*Rest?*"

Hawakuwa na mtu katikati. Lilikuwapo kochi tu. Juu mkewe alikuwa anamsema Redio kuhusu mgongo wake, na Redio alikuwa anajitetea kwa mapana na marefu.

"*My daughter*," Kamusi alisema. Binti yangu.

"*Yes.*"

"*One*," akainua kidole, kisha akakirudisha haraka, maana kochi lilicheza. Hotuba yote ilikuwa imekwisha kumtoka kichwani, na hakuitafuta. "*Treat her*," alisema. Mtendee. Kitenzi na mtendwa wake, vimeshikana. Akafungua mdomo amalizie, kisha akaona siyo kazi yake. Yeye ni wa juu. Akafunga mdomo, akangoja.

Mkwe alimwangalia. Mishipa ya mikono ilikuwa imemsimama kwa uzito, lakini hakufanya haraka.

"*Gently*," alisema.

Kamusi akaitikia kwa kichwa.

"*Baba*," mkwe aliongeza, akitafuta maneno ya kumwomba amwambie na binti, "*please. You tell her also. She*," akafikiri, akakata tamaa ya kupata kitenzi, akaonyesha kwa uso tu: macho yametoka, kidole kinanyooshwa, mtu anaambiwa avue viatu mlangoni. Kamusi akamtambua binti yake papo hapo, na nyuma ya binti akamtambua mkewe. Akacheka mpaka kochi likatikisika.

"Mkishindwa semeni," binti aliita kutoka chini. "Mkono umenichoka na mlango huu."

Mkwe akageuza shingo kuelekea sauti hiyo. Akamwambia kitu kwa lugha yake, maneno machache, ya chini, akiwa na mzigo mzima mapajani. Binti akajibu kwa lugha hiyo hiyo, akanuna, kisha akashindwa kununa.

Kamusi hakuelewa hata neno. Hakujua kitenzi kilikuwa kipi wala kimekaa wapi. Aliitegea sikio sauti ile ya mkwe ilivyoshuka ngazi, ilivyomfikia mwanawe pale mlangoni, na mwanawe alivyoegemea mlango kuipokea.

"*Lift*," alisema, akashika vizuri upande wake.